Uchakavu: gharama isiyo na risiti

Hotuba kwa wamiliki wa daladala na mashine za kusaga, na viongozi wa vyama vya ushirika

Ndugu viongozi wa vyama vya ushirika, ndugu wamiliki wa magari na mashine, wahasibu na mafundi mliofika, habari za asubuhi.

Tuanze na mfano wa Kosta ya viti 28. Inafanya kazi siku 300 kwa mwaka na dereva analeta hesabu ya shilingi 80,000 kila siku. Mwaka ukiisha, bosi amepokea 24,000,000. Matairi, sevisi, spea, bima, leseni ya njia na maegesho vimekula 11,000,000. Zimebaki 13,000,000, na wamiliki wengi wakiulizwa faida ya mwaka watataja hizo hizo. Hiyo si faida. Gari lililoingia barabarani Januari, Desemba limeshachoka mwaka mzima, na ukilipeleka sokoni hupati bei ya Januari. Thamani iliyoishia barabarani ni gharama kama dizeli ilivyo gharama, ila hakuna kituo kinachokukatia risiti yake.

Kwa Kiingereza huitwa depreciation. Asili yake ni Kilatini, ambako pretium maana yake ni bei. Wenyewe hulitumia kwa gari na mashine inayochakaa, kwa fedha ya nchi inayopoteza nguvu mbele ya fedha za kigeni, na hata kwa mtu anayedunisha kazi ya mwenzake, ingawa matumizi hayo ya mwisho yanasikika kwa nadra siku hizi. Hii maana ya fedha ya nchi tutaifikia mwishoni, kwa sababu inagusa mifuko yenu kuliko mnavyodhani. Katika vitabu vya hesabu sisi tunasema uchakavu. Jina linafaa, ila linamfanya mtu afikirie kutu na mikwaruzo tu. Kompyuta inaweza kukaa mezani ikang'aa na bado ikawa imekwisha, kwa kuwa programu mpya hazikubali kuingia humo. Leseni ya programu haina chuma cha kuchakaa, lakini muda wake ukiisha imeisha. Yote hayo ni uchakavu kwa maana ya hesabu.

Ili kuupigia hesabu unahitaji kujua mambo matatu: mali imekugharimu kiasi gani, utaiuza kiasi gani siku ukiachana nayo, na itakufanyia kazi kwa muda gani.

Gharama si bei ya kwenye ankara peke yake. Ni kila shilingi iliyolazimika kutoka mpaka mali iwe tayari kufanya kazi pale ilipokusudiwa. Kwa Kosta ni bei ya kununulia, nauli ya meli, ushuru, usajili, kubadili viti na kupaka rangi ya njia. Kwa mashine ya kusaga ni bei ya kinu na mota, usafiri, msingi wa zege, waya, na fundi aliyeifunga mpaka ikasaga gunia la majaribio. Bima ya mwaka haiingii, leseni ya njia haiingii, wala sherehe ya uzinduzi haiingii. Hizo ni gharama za mwaka huo huo. Kodi ya VAT unayoweza kuidai irudi nayo haiingii. Kosa tunaloliona sana ni mtu kuandika bei ya mnadani Japani pekee, kisha ushuru, ambao wakati mwingine unakaribia bei yenyewe, akauweka kwenye matumizi ya kawaida. Mwaka wa kwanza unaonekana wa hasara kubwa na miaka inayofuata inaonekana ya faida ya ajabu. Vyote viwili si kweli.

Thamani ya mabaki ni bei ambayo ungeipata leo kwa mali ya aina hiyo kama ingekuwa tayari imefikia umri na hali utakayoiacha nayo, ukiondoa dalali na gharama za kuuza. Usikadirie bei ya miaka sita ijayo kwa ndoto. Nenda yadi, uliza Kosta iliyotembea miaka sita inauzwaje leo. Bei hiyo ndiyo unayoandika.

Maisha ya kazi ni muda ambao wewe utaitumia mali hiyo. Gari laweza kuishi miaka kumi na tano mikononi mwa watu wanne, lakini kama desturi yako ni kuuza baada ya miaka sita, kwako maisha yake ni sita. Hapa fundi ana sauti kuliko mhasibu, na mhasibu anayeandika "miaka mitano" kwa kila kitu bila kumuuliza fundi anajaza fomu tu.

Turudi kwenye Kosta. Gharama 60,000,000, mabaki 12,000,000, maisha miaka 6. Toa mabaki kwenye gharama upate 48,000,000, gawa kwa 6 upate 8,000,000 kwa mwaka. Gawa tena kwa siku 300 za kazi: karibu 26,700 kila siku gari linapotoka. Zile 13,000,000 za mwanzo sasa ni 5,000,000. Mwenye kupanga mishahara, ada za watoto na gari la pili kwa kuangalia milioni kumi na tatu anakula gari lenyewe taratibu bila kujua.

Njia hii ya kugawa sawa kwa sawa ndiyo rahisi, na kwa vyama vingi inatosha. Njia ya pili hutoza asilimia moja ile ile kila mwaka, lakini juu ya thamani iliyobaki. Kwa Kosta yetu, asilimia inayolifikisha gari milioni 12 baada ya miaka 6 ni karibu 23.5. Mwaka wa kwanza uchakavu unakuwa takriban 14,100,000, wa pili 10,800,000, wa tatu 8,300,000, hadi wa sita unapobaki kama 3,700,000. Kwa magari tunaipenda hii, maana inafuata soko lilivyo, na inakwenda kinyume na matengenezo: gari jipya lina uchakavu mkubwa na karakana ndogo, gari kuukuu lina uchakavu mdogo na karakana kila wiki. Jumla ya hivyo viwili kwa mwaka haiyumbi sana.

Ipo ya tatu, inayofaa mashine za kusaga na kukoboa. Hupimwa kwa kazi, si kwa kalenda. Chukua mashine iliyogharimu 10,500,000 hadi ikasimama, mabaki 1,500,000, na fundi anakadiria itasaga tani 4,500 kabla ya kinu kuchoka. Milioni 9 ukizigawa kwa tani 4,500 unapata shilingi 2,000 kwa tani, yaani shilingi 2 kwa kila kilo inayopita. Msimu wa mavuno mashine inanguruma usiku na mchana, uchakavu unapanda. Miezi ya njaa imesimama, uchakavu unalala. Na ukipanga bei ya kusaga debe, umeshajua shilingi ngapi ndani yake ni za kinu. Nyundo, chekeche na mikanda usivichanganye humo. Hivyo hubadilishwa mara kwa mara na ni matumizi ya kawaida.

Msifanye jambo moja: kupiga uchakavu kwa kufuata mapato, kwamba mwaka mzuri tutoze nyingi na mwaka mbaya tutoze kidogo. Kwa mali kama hizi, kanuni za kimataifa za hesabu zinaikataza njia hiyo waziwazi tangu mwaka 2016, na sababu inaeleweka: nauli ikipanda, mapato yanaongezeka bila gari kutembea kilomita moja zaidi.

Kuna swali la lini kuanza na lini kusimama. Unaanza siku mali iko tayari kufanya kazi, hata kama haijaanza. Kosta iliyokamilika Julai lakini ikasubiri leseni hadi Septemba imeanza kuchakaa Julai. Na gari lililoegeshwa uani kwa kukosa dereva uchakavu wake hausimami, isipokuwa kwa wanaotumia ile njia ya tani. Mwaka wa kwanza unatoza kwa miezi iliyotumika tu: Kosta ya Julai, vitabu vikifungwa Desemba, inatozwa 4,000,000 na si 8,000,000.

Sasa nikae kidogo kwenye injini, maana hapa ndipo hesabu za magari huharibika. Gari si kitu kimoja. Tuseme katika zile milioni 60, injini na giaboksi zina thamani ya 12,000,000, na kwa njia mnazopita injini huomba kubadilishwa kila baada ya miaka mitatu. Milioni 12 kwa miaka 3 ni 4,000,000 kwa mwaka. Zilizobaki milioni 48, toa mabaki milioni 12, gawa kwa miaka 6, ni 6,000,000. Jumla ni 10,000,000 kwa mwaka, kumbe ile milioni 8 ilikuwa inapunguza ukweli. Faida ya Kosta imeshuka tena, kutoka milioni 5 hadi 3. Ukitenganisha hivi, siku injini inabadilishwa huna mshtuko: ya zamani imeshamalizika vitabuni, unaiondoa, mpya inaingia kama mali mpya na kuanza maisha yake. Usipotenganisha, injini ya mwaka wa tatu inaangukia mwaka mmoja kama balaa, na mkutano mkuu unamtafuta mchawi kwenye bodi. Pedi za breki, oili na matairi hayahusiki na utaratibu huu. Hayo yalipwe na kusahaulika.

Kiwanja hakichakai. Nyumba inachakaa. Chama kikinunua ghala pamoja na kiwanja chake kwa shilingi milioni 100, lazima bei igawanywe. Kama ardhi ni milioni 40, uchakavu unapigwa juu ya 60 tu.

Kwa walio kwenye kilimo: mti wa kahawa, mchai, mkorosho na mkonge huhesabiwa kama mashine. Ni mimea inayozaa mwaka hadi mwaka, na tangu 2016 kanuni za kimataifa zinaiweka pamoja na majengo na mitambo. Gharama za miche, kusafisha shamba na palizi za miaka ya mwanzo zinajumlishwa, na uchakavu unaanza mmea ukianza kutoa mazao ya kibiashara. Mahindi hayamo, yanavunwa mara moja. Mti wa mbao nao haumo, maana unauzwa wenyewe. Na korosho iliyoko juu ya mti ina kanuni yake, si ya mti. Wahasibu wa ushirika, hili mliangalie.

Kwenye daftari kazi ni fupi. Kila mwisho wa mwezi au mwaka unadebiti gharama ya uchakavu na kukrediti limbikizo la uchakavu, yaani jumla ya uchakavu wote uliokwisha kupigwa. Usipunguze bei ya mali moja kwa moja kwenye akaunti yake. Acha milioni 60 ionekane, na chini yake limbikizo la milioni 24 baada ya miaka mitatu, ili msomaji wa mizania, ile taarifa ya mali na madeni, ajue gari lina umri gani kwa kutazama tu. Rejesta ya mali iwe na namba ya kila kitu, tarehe ya kuanza kazi, gharama, mabaki, maisha, limbikizo, na mahali kilipo. Safu hiyo ya mwisho hupuuzwa, na ndiyo inayofichua mashine iliyokwisha kuuzwa kitambo ikiwa bado inapigiwa uchakavu.

Makadirio yanapitiwa walau kila mwisho wa mwaka. Tuseme Kosta imefika mwisho wa mwaka wa nne, vitabuni imebaki 28,000,000, na fundi anasema ina miaka minne mingine badala ya miwili. Hurudi nyuma kusahihisha miaka iliyopita. Unachukua 28, toa mabaki 12, gawa kwa 4: kuanzia sasa ni 4,000,000 kwa mwaka. Wenye mali zilizoisha kabisa vitabuni huku zinafanya kazi kila siku, hiyo ni dalili kwamba hatua hii imerukwa miaka mingi.

Ajali ni kitu kingine. Gari la miaka mitatu lenye 36,000,000 vitabuni limepinduka. Lilivyo, sokoni litatoa 10,000,000. Ukiendelea nalo, makadirio ya kile litakachoingiza kwa thamani ya leo ni 14,000,000. Unachukua kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, unalishusha hadi 14, na milioni 22 zinaandikwa hasara mwaka huo huo. Usiitandaze kwenye uchakavu wa miaka ijayo ili iume polepole. Fidia ya bima inaandikwa kivyake, nayo ikishathibitika.

Tuje kwa kodi, kwa upande wa Tanzania. Uchakavu wenu wa vitabuni mamlaka ya mapato haiutambui. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina viwango vyake, kwenye jedwali lake la tatu. Kompyuta, magari madogo, mabasi yenye viti chini ya 30 na malori ya chini ya tani 7 ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Mabasi ya viti 30 na kuendelea, malori mazito, matrela na mitambo ya viwandani ni asilimia 25. Samani za ofisi ni 12.5. Majengo ya kawaida ni asilimia 5 sawa kwa sawa, na ya kilimo, ufugaji au uvuvi ni 20. Mitambo ya kilimo inatolewa yote mwaka wa kwanza. Kwa gari lisilo la biashara kuna kikomo cha gharama inayotambuliwa, hivyo gari la kifahari la mwenyekiti halitawapunguzia kodi kama mnavyotarajia. Tazameni pia mpaka wa viti 30: basi la viti 29 na la viti 31 yako kwenye madaraja tofauti. Kenya ina viwango vyake, msinakili hivi.

Utaratibu wa kampuni ni huu: chukua faida ya vitabuni, rudisha uchakavu wenu wote, kisha toa ule wa sheria. Kwa Kosta yetu ikinunuliwa mwanzo wa mwaka unarudisha milioni 8 (tuchukue ile hesabu rahisi) na kutoa 22,500,000. Tofauti ya 14,500,000, kwa kodi ya asilimia 30, ni 4,350,000 ambazo hamzilipi mwaka huo. Msizitumie kana kwamba mmesamehewa. Mwaka wa pili makato ya sheria ni 14,062,500, wa tatu kama 8,790,000, na kuanzia wa nne yanakuwa madogo kuliko yenu, hapo deni linaanza kurudi. Wafanyabiashara wadogo wanaolipa kodi ya makadirio kwa mauzo ghafi hawana makato haya kabisa. Kwao uchakavu ni wa kupangia nauli na bei tu, na kwa kazi hiyo wanauhitaji kuliko kampuni kubwa.

Wenye mikopo, sikilizeni. Rejesho la benki lina sehemu mbili. Riba ni gharama. Mtaji unaorudisha si gharama. Ni deni linalopungua. Ukiandika rejesho lote kama gharama na uchakavu juu yake, gari limekatwa mara mbili na utaona hasara isiyokuwepo. Ukiandika rejesho ukaacha uchakavu, mkopo wa miaka miwili ukiisha utaona faida imepaa mwaka wa tatu, wakati gari ni lile lile na limezidi kuchoka.

Na sasa jambo ambalo hata wahasibu wengine huligunia. Kupiga uchakavu hakuweki shilingi hata moja benki. Ni maandishi. Chama kinaweza kuwa na limbikizo safi la milioni 48 kwenye mizania na akaunti yenye laki mbili. Kinachofanywa na maandishi ni kuzuia kiasi hicho kisiitwe faida na kugawanywa. Kama fedha yenyewe imetumika kwa mambo mengine, imetumika. Kwa hiyo ile 26,700 ya kila siku, au 33,300 kwa waliotenganisha injini, iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, isiyo na kadi wala ya kuunganishwa na simu ya mtu mmoja.

Hata ukiiweka yote, huenda isitoshe, na hapa ndipo ile maana nyingine ya depreciation inapoingia. Uchakavu unapigwa kwa bei uliyonunulia. Gari jipya utalinunua kwa dola au yeni, kwa kiwango cha siku hiyo. Fedha inashuka yenyewe sokoni, au inashushwa na serikali kwa tangazo. Uingereza iliishusha pauni tarehe 18 Novemba 1967, kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Tanzania, Kenya na Uganda, zilizokuwa zimeanza shilingi zao mwaka mmoja tu kabla, hazikufuata. Siku hizi tunaona zaidi kushuka kwa sokoni, na wakati mwingine kupanda: shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola Januari 2024, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa karibu 129.

Pigeni hesabu ya gari la dola 16,000. Dola ikiwa 2,300 za Tanzania ni 36,800,000. Ikiwa 2,700 ni 43,200,000. Ni tofauti ya 6,400,000 kabla ya ushuru, na ushuru wa asilimia unapigwa juu ya kiasi hicho kikubwa, kwa hiyo nao umepanda. Akiba iliyolingana na uchakavu wa vitabuni haikuihesabu tofauti hii, na kwa mali iliyoandikwa kwa bei ya kununulia, kanuni za hesabu haziwaruhusu kuongeza uchakavu ili kuiziba. Inazibwa kwa uamuzi wa mkutano mkuu: kila mwaka ulizeni bei ya leo ya gari kama lenu, ondoa mabaki, gawa kwa maisha yake, na tofauti kati ya jibu hilo na uchakavu wa vitabuni itengwe kutoka kwenye faida kabla ya gawio, kama akiba ya kununulia mali mpya. Bei ya leo ikiwa milioni 72 na mabaki milioni 12, mgawo ni 10,000,000 kwa mwaka. Vitabu vinasema 8,000,000. Milioni 2 zinatengwa. Dola ikishuka mwaka unaofuata, kiasi cha kutenga kinapungua au kinakuwa sifuri, lakini kilichokwisha kutengwa kinabaki mpaka gari linunuliwe.

Nipokee maswali sasa. Mafundi mtangulie, kwa sababu miaka sita ya Kosta kwenye njia za vumbi wenzetu wa ofisini wameikadiria bila kuwauliza.